Dative na Mashine Mbili Zisizozungumza

Vijana wa kanisa letu hapa Louisville wanakusanya habari za watu wetu, wazitie katika kitabu kimoja. Waliniomba niandike habari za mke wangu Margareta. Nilikaa na kalamu, sikuweza. Basi naandika za Dative, mtoto wetu. Za mama yake zitapita humo humo.

Dative alizaliwa Uvira. Vita vilipotufukuza alikuwa bado wa kubebwa. Mimi nilikuwa na mizigo, na mama yake alikuwa anaumwa. Aliyembeba ni Zenoni, kaka yake Margareta. Alimbeba mpaka tukafika kambini Tanzania. Zenoni hakukaa kambini. Alirudi Uvira, akaoa Kanyana, akabaki. Lakini Dative alikua akijua kwamba bila mgongo wa mjomba asingekuwapo.

Kambini tulikaa mpaka akawa msichana. Halafu wakaja watu wa mahojiano, wale wanaoamua nani apelekwe Amerika. Mume chumba hiki, mke chumba kile, mtoto mkubwa peke yake. Wanauliza: mlango wa nyumba yenu ulitazama wapi? Jirani alikuwa na mbwa? Babu na bibi, nani alitangulia kufa? Kisha wanachukua majibu ya huku na ya kule, wanayalinganisha. Watu walitoka mle wakitetemeka. Dative alitoka na maswali. Alitaka kujua watajuaje kama tumesema kweli. Nilimwambia watu wakisema kweli majibu hupatana.

"Na wakipanga mbele?"

Nilimwambia anyamaze, tulikuwa bado karibu na mlango.

Tukaletwa Louisville, upande wa Iroquois. Mimi nilipata kazi ghalani, Margareta alitunza wazee wa watu. Dative alimaliza shule, akapata nafasi ya chuo Columbus. Huko alikaa Westerville nyumba moja na Nyanchama, Mkenya aliyekuja kusoma uuguzi. Wakawa ndugu. Alipomaliza alichukuliwa Buffalo, kusomea udaktari. Si wa hospitali. Kanisani hawakuelewa, wakawa wanamfuata akija likizo, wanamweleza habari za migongo na magoti. Alikuwa anawasikiliza wote, halafu anawaambia wanywe maji.

Sasa niseme kazi yake, kwa namna alivyonieleza.

Kuna mashine za kompyuta za namna mpya. Wanaziita za kwanta. Bado wanazitengeneza. Zikikamilika zitafanya hesabu ambazo kompyuta hizi zetu haziziwezi hata zikikesha miaka. Lakini zitakuwa chache, za wakubwa. Mtu wa kawaida atabaki na kompyuta yake ya kawaida, na akiwa na kazi nzito itabidi aitume kwa mwenye mashine. Donc, basi, kuna mambo mawili. La kwanza, mwenye mashine asijue ni kazi gani anafanya, maana pengine ni siri ya mgonjwa, au ya benki. La pili, akirudisha jibu, ujue kwamba hakukudanganya. Na wewe jibu lenyewe huwezi kulihesabu. Ungeliweza usingelituma.

Margareta alikuwa anachambua majani ya sombe. Alisema, "Kama mtu hana nguvu ya kazi, na anayeiweza hamwamini, si aiache?"

"Mama, kila mtu akiacha, dunia itakuwa ya wenye mashine tu."

Margareta alikubali hilo. Jumapili wanawake walipomwuliza mtoto anasomea nini, aliwajibu kwamba anasomea namna ya kumtuma mtu usiyemwamini. Patricia wa Highview, rafiki yake mkubwa, alisema hiyo sisi hatuendi chuo, tumeolewa. Walicheka mpaka mchungaji akageuka.

Njia ya Dative ilikuwa hii. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida hawezi kuichunguza mashine moja ya kwanta. Ni kubwa mno kwake. Lakini kama mashine ni mbili, zimeungwa pamoja tangu mwanzo kama mapacha, kisha zikatengwa, hapo anaweza. Anauliza huku, anauliza kule. Kati ya kazi anachanganya maswali ya mtego, na mashine hazijui lipi ni kazi na lipi ni mtego. Kisha anayalinganisha majibu. Mapacha wa kweli, alisema, majibu yao yanapatana kwa namna ambayo wadanganyifu waliopanga mbele hawawezi kuifikia. Hata wapange mwaka mzima. Sharti ni moja tu. Wakishatengwa, wasizungumze.

Nilimwambia hayo ni mahojiano ya kambi.

Alicheka. "Ndiyo, papa. Ni yale yale. Ila sasa mimi ndiye ninauliza."

Mwaka 2015, majira ya majani kuanguka, Margareta alizidiwa na moyo. Dative alijua mama anaumwa. Alikuwa aje. Lakini kwanza alikuwa na mkutano wa wasomi Columbus, siku ya Ijumaa, asimame aeleze njia yake. Mwalimu wake alikuwa ameisifu, na pale ndipo wangeamua kama anapewa nafasi ya kuendelea nayo. Mpango ulikuwa amalize, ateremke Louisville Jumamosi.

Margareta alikufa Jumatano asubuhi, hospitalini tulikomkimbiza usiku, mimi nikiwa nimemshika mguu.

Sisi, mtu akifiwa yuko mbali, hatumwambii kwa simu. Mtu haambiwi kifo yuko peke yake. Anaweza kuanguka njiani, anaweza kujitupa. Unamwambia mgonjwa amezidiwa kidogo, uje. Unatafuta watu walio karibu naye, wanaenda wengi, wanakaa naye, wanamshika, ndipo anaambiwa. Ndivyo nilivyoambiwa mimi kifo cha baba yangu. Buffalo sikuwa na mtu. Columbus nilikuwa na Nyanchama. Nikampigia. Tukapatana kwamba Dative akifika kwake Alhamisi, Nyanchama awe na wanawake wa kanisa la kule, wamwambie, kisha wamlete siku ile ile.

Bon, basi. Jioni ya Jumatano Dative akapiga simu. Alikuwa amesikia kitu. Sijui nini. Labda sauti yangu asubuhi, nilipomwambia sina nafasi, nitampigia.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa nje kwenye viti, wanawake chini sebuleni. Niliingia jikoni na simu, Patricia akanifuata akafunga mlango. Niliiweka simu kwenye meza, sauti wazi, Patricia naye akawa anasikia.

Dative aliuliza mambo mengi. Mvua imenyesha? Gari la jirani limetengenezwa? Mlipika nini? Mama amekula nini? Jumapili nani aliongoza wimbo? Maswali madogo madogo, moja nyuma ya lingine. Nilimjibu yote. La mama nilisema amekula uji wa soya, vijiko vichache, akaacha. Amelala ameelekea ukutani. Akasema sawa.

Tulipokata, Patricia hakuondoka. Alisema huyu atanipigia na mimi. Kabla hajamaliza, simu yake ikaita kwenye mfuko wa kitenge. Akaipokea pale pale, mimi nikiwa mbele yake. Dative alimwuliza kama leo amepita kumwona mama. Patricia akasema amepita, amerudi kwake sasa hivi. Amekula? Uji wa soya. Mwingi? Hapana, vijiko. Na alikuwa amelala namna gani?

Patricia alinitazama. Nilielekeza kidole kwenye ukuta.

"Ameelekea ukuta, binti yangu," alisema. Wala sauti yake haikutikisika. Alipoweka simu chini ndipo alipojifunika uso.

Baadaye nilijua alichosema Dative kwa Nyanchama. Alifika Columbus Alhamisi uso umetulia. Nyanchama alikuwa amewaita wale wanawake, walikuwa njiani. Dative akamwambia, kabla hata ya kuvua koti, kwamba alikuwa na hofu kubwa juu ya mama, lakini amechunguza. Amewauliza watu wawili, kila mmoja nyumbani kwake, na majibu yamepatana hata mahali ambapo mtu hawezi kubahatisha. Mama yuko. Anakula kidogo, lakini yuko. Kisha akatoa karatasi zake akaanza kujisomea maneno ya kesho.

Nyanchama alitoka nje akawarudisha wale wanawake. Alinipigia akiwa kwenye gari lake.

"Mzee, nimeshindwa. Ametulia, anacheka. Kesho ndiyo siku yake. Wacha amalize, tafadhali, nitamleta mwenyewe."

Nilikubali. Niliona siku moja haiui.

Lakini nyumba inayotunza maiti ilikuwa imetupa Ijumaa ya kumvika. Mama anavikwa na binti zake. Margareta alikuwa na binti mmoja. Alivikwa na Patricia na wanawake wa kwaya, na Dative saa hizo alikuwa amesimama Columbus mbele ya wasomi, anaeleza namna ya kujua ukweli kutoka mahali usipoweza kupaona.

Walimpigia makofi.

Jumamosi Nyanchama alimleta. Alikusudia kumwambia njiani, akashindwa tena. Sikumlaumu. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Aliona magari yamepangwa barabara nzima, aliona wanaume kwenye viti na baridi ile, wote wakasimama. Alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

Wanawake walimpokea kwa kilio, yeye hakulia. Walimkalisha. Alitafuta uso wa Patricia kati ya nyuso zote.

"Mama Patricia, siku nilikupigia, ulikuwa wapi?"

"Hapa, binti yangu. Ningekuwa wapi na msiba uko hapa?"

"Papa alikuwa wapi?"

"Karibu yangu."

"Karibu namna gani?"

Nilijibu mimi. Nilisema tulikuwa jikoni, meza moja.

Dative alitikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa mahali bomba linapovuja. Akanitazama.

"Niliuliza watu wawili, papa. Kumbe nilikuwa nimeuliza mtu mmoja."

Hapo ndipo alilia.

Tulimzika Margareta Jumatatu. Baada ya mazishi watu walipungua, tukabaki wawili. Aliniambia habari za mkutano. Mzee mmoja, msomi, alinyoosha mkono akauliza: na mashine zako zikizungumza, inakuwaje? Akamjibu kwamba zikizungumza njia yote inaanguka, lakini tumeweka sharti kwamba hazizungumzi. Mzee akaridhika. Kila mtu katika kazi ile anaandika sharti hilo. Si kosa. Mwalimu wake anaandika vilevile.

"Nilikuwa nasema maneno hayo," alisema, "na mama yuko kwenye sanduku."

Nilimweleza kwa nini tulifanya vile. Nilimweleza habari za mtu kuanguka njiani. Alisema anajua, yeye ni mtoto wetu, hakukulia kwa Wazungu. Alisema pia kwamba angependa kuanguka njiani kuliko kumkuta mama amevikwa na wengine. Mwisho akasema, siku nyingine, papa, niambie mimi. Kwa simu, popote nilipo. Sikumwahidi. Mtu haahidi jambo ambalo mababu walilikataa.

Akarudi Buffalo.

Alikwenda kwa mwalimu wake akamwambia anaiacha njia ya mashine mbili. Mwalimu alishangaa. Alimwambia njia ni nzuri, watu wameipenda, nafasi ameipata, huzuni isimharibie kazi. Dative alimwambia hawezi tena kuandika "tuseme hazizungumzi". Kila akifika kwenye maneno hayo anaona jikoni.

Akahamia njia nyingine, ya mashine moja. Hiyo haihitaji sharti lile. Lakini ina ubaya wake. Yule anayetuma kazi lazima awe na kifaa kidogo cha kwanta mkononi mwake, atengeneze vipande vya kazi mwenyewe, kimoja kimoja, avifiche namna anayoijua yeye, ndipo avitume. Kompyuta ya kawaida tu haitoshi. Ilimuumiza, kwa sababu tangu mwanzo alitaka njia ya mtu asiye na kitu. Nilimwuliza kama haiwezekani kabisa mtu wa kompyuta ya kawaida kuikagua mashine moja. Alisema hakuna anayejua bado. Wengi wamejaribu. Pengine inawezekana, pengine hapana.

Ile nafasi aliyopewa Columbus akapewa mwingine. Masomo yake yakarudi nyuma. Mimi nilikaa Iroquois na viti viwili, nikifikiri kwamba nimezika mke na nimevunja kazi ya mtoto, kwa vijiko vya uji.

Alikuwa ananipigia, lakini namna ilibadilika. Aliniambia theluji ya Buffalo imefika madirishani. Aliniambia basi limechelewa. Hakuniuliza kitu. Hata "umeamkaje" hakusema. Siku moja nililalamika. Nilimwambia mtoto gani hamuulizi baba yake kama ni mzima.

"Nikiuliza, papa, utajibu."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Hayakuwa matusi. Afadhali yangekuwa matusi, ningemgombeza.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Kanyana, mke wa Zenoni, alipiga simu kutoka Uvira. Ilikuwa asubuhi kwetu. Zenoni amekufa. Alikwenda shambani, akarudi anashika kifua, hawakufika naye hospitali. Kanyana alilia, mimi nilimtuliza, simu ikakatika kwa kukosa salio.

Nilikuwa peke yangu. Nilijua cha kufanya. Nimpigie mchungaji wetu, yeye atafute mchungaji wa Buffalo, wapatikane wanawake wa kwenda kwa Dative. Ingechukua siku, labda mbili. Na katika siku hizo Dative angepiga simu, na mimi ningemwambia habari za mvua.

Nilisimama, nikakaa. Nilimwomba Margareta anisamehe, maana aliyekufa ni kaka yake. Kisha nikampigia.

Alikuwa njiani. Nilisikia upepo na magari.

"Dative, simama kwanza."

"Nimesimama, papa. Nangoja basi."

"Mjomba Zenoni amekufa. Leo. Moyo."

Sikusema amezidiwa. Sikusema njoo. Nilisema hivyo hivyo.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nimezika watu wengi, nimesikia vilio vya kila namna, lakini kilio kina watu wa kukizunguka. Chake hakikuwa na mtu. Nilisikia ameketi chini. Nilisikia theluji, kama theluji inasikika. Mtu alipita akamwuliza kwa Kiingereza kama yu mzima, akamwambia ndiyo, yule mtu akaenda. Mimi nilikuwa natazama mkono wangu, haufiki Buffalo. Wazee walijua walichokataa. Niliona sababu yao yote, pale pale, na nilikuwa nimeshalisema.

Alilia muda mrefu. Basi lilikuja, nikasikia mlango wake unafunguka, unajifunga, linaondoka. Hakupanda.

Kisha akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu mazishi.

"Papa, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

Nilingoja aseme nimthibitishie, au aseme ngoja, nitakupigia tena. Najua namna anavyochunguza. Mtu mmoja hatoshi, ndivyo alivyonifundisha mwenyewe.

"Sawa," alisema. "Keti, papa. Usisimame. Umekula?"

Nilimwambia sijala. Ilikuwa kweli.

Jumapili nilimweleza Patricia nje ya kanisa. Alikuwa hajasikia. Hakuna aliyekuwa amempigia kumwuliza kama ni kweli. Kwanza alimlilia Zenoni, halafu akanigeukia.

"Ulimwambia mtoto kwa simu?"

"Ndiyo."

"Alikuwa na nani?"

"Hakuwa na mtu."

"Njiani?"

"Njiani. Kwenye theluji."

"Eliezer, na kama angeanguka?"

Patricia alinitazama kama mtu asiyenijua, akatoa simu yake. Nilidhani atasema nami zaidi, lakini alikuwa anatafuta namba ya Dative. Tangu msiba walikuwa hawajasemezana. Simu ilipoanza kuita, alijisogeza mbali na mimi, akapita magari, akaenda kusimama peke yake mwisho wa uwanja, mahali nisipoweza kusikia.

Sikumfuata.